Baba Mdogo Afungua Mkono
Juzi katika ofisi ya ardhi hapa Kakamega, mzee mmoja wa Khayega alimweleza karani kwamba shamba la marehemu kaka yake sasa ni lake. Kando yake alisimama binti wa marehemu, mwalimu, mkoba kifuani.

Karani, aliyekalia kiti kilichoachwa na Mzungu hivi karibuni, akafungua faili. "Mzee, hapa umeandikwa mdhamini."

"Ndiyo. Si mdhamini ndiye mwenyewe?"

"Mdhamini anashika tu, mpaka mtoto akue."

Mzee akamtazama binti kutoka kichwani hadi viatuni, kana kwamba amekua asubuhi hiyo. "Lakini huyu ataolewa."

"Niolewe nisiolewe, baba mdogo, baba aliniandika mimi," binti akajibu kwa upole. "Asante kwa kunishikia."

Mzee akavua kofia, akachovya kidole gumba kwenye wino, akatia alama kwenye hati ya kumkabidhi binti shamba. Kisha akauliza taratibu, "Na ng'ombe wangu aliye kule?"

"Atakaa. Mahindi yangu tu asiyaguse."

Nawajua wadhamini walioshika mali ya mayatima hadi vidole vikasahau kufunguka. Huyu alifungua vyake mbele ya foleni nzima, ingawa kwanza ilibidi asomewe.