Samaki wa Miguu ya Chuma

Mimi samaki sili. Nianze hapo, ndio mjue ni nani huyu anawaongelesha habari ya bahari. Sisi watu wa Meru tuliozaliwa kitambo tuliambiwa samaki ni nyoka ya maji, na mpaka leo ukiniwekea kwa sahani nitakushukuru vizuri sana, halafu nitakula sukuma wiki peke yake. Bahari yenyewe sijawahi kuiona na haya macho. Shule nilifika darasa la pili, nikatolewa nichunge mbuzi. Lakini kuna samaki nilikuwa nawajua, nawaambia, kama vile unajua kuku wako. Walikufa wote, na kufa kwao kukaingia mpaka nyumbani kwangu Ruiri.

Ilikuwa hivi. Kijana wangu wa pili ana jina la baba yangu, kwa hivyo mimi humwita baba. Ndiyo desturi yetu, na wewe ukisikia mama anamwita mtoto wake baba usishangae. Huyu baba alijifunza kuchomelea vyuma Embu, mageti na madirisha, akikaa kwa dada yake kule Dallas, mtaa wa hapo hapo Embu, si ile ya Amerika. Halafu akapata kazi ng'ambo. Akapiga simu akasema, "Mami, siku hizi nachomelea ndani ya maji."

Nilicheka mpaka nikatafuta kiti. "Baba, moto ndani ya maji? Hiyo ni pombe gani mnakunywa huko?"

Kumbe ni ukweli. Huko katikati ya bahari, mahali hata ukisimama juu huoni nchi kavu, watu walikuwa wamejenga kitu kama nyumba kubwa ya chuma ya kutoa gesi chini ya ardhi. Inasimama kwa miguu minne, na hiyo miguu inashuka chini mpaka giza. Kazi yake ilikuwa kuvaa chupa ya hewa, kushuka, kuangalia kama chuma imepasuka, na kuishona na moto.

Mwaka huo nilikuwa nakaa kwa binti yangu Dallas kwa sababu ya goti, natibiwa Embu hapo. Kila Jumapili tukitoka kanisa, kijana alikuwa anatuma video amepiga huko chini na kamera imefungwa kwa kichwa. Binti yangu ananishikia simu, mimi navaa miwani.

Wacha niwaambie nilichoona! Hiyo chuma haikuonekana kama chuma. Ilikuwa imevaa nguo. Makonokono, vitu kama maua ya rangi ya machungwa, vitu kama sifongo, nyasi zinapepea. Na samaki! Wadogo wa mistari, wengi kama mchele umemwagika. Wa manjano. Wakubwa wanapita pole pole kama wazee wa kanisa wakichukua sadaka. Kijana akianza kukwangua makonokono ndio aone chuma vizuri, samaki wanamfuata nyuma wakiokota, vile kuku hufuata jembe.

Kulikuwa na mmoja mkubwa, wa kijivu, mdomo wa chini umening'inia kama mzee amenyimwa chai. Alikuwa anakaa kona moja mahali vyuma viwili vinakutana. Haendi popote. Video ikifunguka tu, mimi nauliza, "Mzee wa mdomo yuko wapi?"

Binti yangu ananicheka. "Mama, umeamka tangu asubuhi hujanisalimia, na unasalimia samaki."

"Wewe una mdomo, utajisalimia."

"Na ukiletewa kama huyo kwa sahani?"

"Shindwe! Huyo ni mtu wangu."

Siku moja nikamuuliza kijana kwa simu, "Baba, hao samaki wamezaliwa hapo, ama wamekusanyika tu kama watu wa siku ya soko?"

Akacheka. "Mami, hilo swali wasomi wanabishana juu yake mpaka leo. Wengine wamekuja tu, chuma iliwavuta. Lakini mayai nimeyaona, yameshikana na chuma. Na watoto wao nimewaona, kama ukucha."

Na hakunificha ubaya. Alisema wazee wa kazi walimwambia wakati hiyo miguu ilipigwa nyundo kuingia chini, kelele ilienda mbali sana ndani ya maji, na pomboo, hao wanyama wa bahari wanaopumua kama sisi, walihama na hawakuonekana muda mrefu. Tena kuna makonokono wengine si wa hapo, walikuja wameshikilia meli, wakafukuza wenyeji. "Usifikirie chuma ni malaika, mami. Lakini sasa wameshaizoea. Ni kwao."

Halafu gesi ikaisha.

Wenye kazi wakasema ile nyumba itolewe. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kukata sehemu ya juu tu, miguu ibaki chini na samaki wake. Ya pili, kuweka baruti ndani ya miguu, chini kabisa kwa matope, ilipuke, yote ing'olewe bahari ibaki kama ilivyokuwa. Ofisi ikasema, wale wanaoshuka chini, yeyote ameona kitu aandike kabla haijaamuliwa.

Akanipigia siku ya kazi, si Jumapili. Nikajua kuna kitu.

"Mami, nifanye nini? Nataka kuandika. Niwape hizi video zote. Lakini msimamizi wangu anataka baruti, ni haraka. Nikiandika ataniona mbaya."

Sasa sikieni vile mimi, mama mzima, nilimjibu. Kwetu huku mtu wa kibarua hamwambii mwenye shamba ni mti gani wa kukata. Anaonyeshwa, anakata, anaenda kwake. Nilikulia hivyo, nimelima mashamba ya watu hivyo. Na niliogopa afukuzwe, tena mbali hivyo, kwa watu hatuwajui.

Nikamwambia, "Baba, ulienda huko kuchomelea ama kutetea samaki? Chuma ni ya mwenyewe. Nyamaza, kata, urudi nyumbani."

Akasema, "Haya, mami."

Ni hiyo tu. Haya, mami. Na mimi nikaendelea kuchagua maharagwe, nimefurahi nimemshauri vizuri.

Na si eti sikuwa na akili. Mimi mwenyewe nilipanda nguzo za mti wa muringa kwa ua wetu Ruiri, nguzo zimekatwa zimekauka, zikachipuka. Ndege wakajenga. Bwanangu akitaka kuzitoa aweke za mawe, nilisimama hapo na panga nikamwambia ataanza na mimi. Nilijua nguzo inaweza kuwa nyumba. Nilijua, na nikamwambia akate.

Goti likapona kidogo, nikarudi Ruiri. Baada ya miezi kadhaa na yeye akarudi. Mnajua vile nilimwandalia? Nilichinja jogoo, nikapika githeri na viazi, majirani wakaja kuimba. Akasalimia watu na mkono, mmoja mmoja, akala vijiko viwili, akaingia kwa nyumba yake. Ile nyumba ndogo alijengewa akitoka jandoni. Akafunga mlango.

Kwetu mama haingii nyumba ya kijana ametahiriwa. Hapana. Hata kama anaumwa, unatuma mtu. Kwa hivyo nilikuwa naweka chakula kwa mlango, nagonga, naenda. Jioni nachukua sahani, imeguswa pembeni tu. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asubuhi namsikia akikohoa. "Umeamka, baba?" "Nimeamka." Basi.

Binti yangu akaja kutoka Embu. Akaingia kwa ndugu yake, yeye anaruhusiwa, akakaa muda mrefu. Akatoka macho mekundu.

"Mama, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia arudi nyumbani. Ni makosa?"

Akatoa simu. "Hii alinitumia mimi. Alisema nisikuonyeshe."

Sikuhitaji miwani. Ilikuwa imepigwa kutoka juu, kwa meli. Maji yametulia, na juu ya maji ni weupe, weupe, mpaka mbali. Nilifikiri ni povu. Ni matumbo. Samaki wamelala mgongo chini. Binti yangu akanieleza, baruti ikilipuka, ule mfuko wa hewa ndani ya samaki unapasuka, anapanda juu akiwa amekufa ama anakufa. Wale wadogo wa mistari. Wa manjano. Na kando ya meli alikuwa anaelea mmoja wa kijivu, mkubwa, mdomo wazi.

"Ni yeye alipeleka baruti kwa huo mguu," binti yangu akasema. "Kwa mkono wake. Walikuwa wamemzoea, mama. Walimfuata mpaka chini wakifikiri anakwangua."

Siku iliyofuata, mchana, nilichukua ndoo nikaigeuza, nikakaa nje ya mlango wake. Jua kali. Sikugonga.

Nikasema, "Baba, ni mimi. Siingii. Nimeona hiyo video. Nilikukosea. Uliniuliza na roho safi, na mimi nikakujibu na woga. Ulitaka kusema kile umeona, nikakufunga mdomo. Nisamehe."

Kuku wakapita. Nikasikia kitanda kikilia, halafu sauti yake karibu, kama amekaa chini upande wa pili wa mbao.

"Mami, pengine hata ningeandika wangelipua tu."

"Pengine."

"Lakini pengine hapana."

"Hata mimi naona hivyo, baba."

"Hakuna mtu aliandika. Sisi wote tulioshuka. Nilikuja kuuliza baadaye, kila mtu alikuwa anangojea mwingine." Akavuta pumzi. "Nimekusamehe, mami. Toka kwa jua."

Nililia, sitawadanganya. Jioni hiyo alitoka, akala, akauliza ng'ombe anatoa lita ngapi. Nikashukuru Mungu, nikafikiri imeisha.

Na tunaongea, sana hata. Ananiambia mvua imenyesha wapi, tunacheka mambo ya majirani, ananiletea sukari. Lakini zamani huyu mtoto hakuwa ananunua hata kiatu bila kunipigia: mami, nifanye nini? Sasa nangojea hilo neno na haliji. Juzi alipata kazi Embu, karakana ya mageti, akahama na vitu vyake vyote. Mimi niliambiwa na dada yake.