Mama wa Kambini na Printa ya Shule

Yule mama wa kambini alipopewa ufunguo wa chumba cha kompyuta, sikula bukari, ugali wetu, siku hiyo. Nasema wazi: nilikuwa na wivu, na ulinikaa wiki nzima kama mwiba wa samaki kooni. Mume wake ni mwanajeshi, walifika hapa Kamina juzi juzi tu kutoka Kisangani, naye akaanza kufundisha shuleni kwetu. Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu alikuwa mwalimu wa misheni, na kompyuta zile nilizitunza tangu siku ziliposhushwa kwenye behewa.

Walimu wenzangu wakanitania: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikuwa mgonjwa.

Ufunguo aliupata kwa sababu ya printa. Ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta kuna kiini, na kiini ndicho kinachokifunga kila kifaa pamoja na kiendeshi chake, sisi tunasema pilote, yaani programu ndogo inayojua kusema nacho. Kifaa kimoja, pilote mmoja. Printa yetu ilikuwa na wawili walioigombea, na aliyewahi kuamka ndiye aliyeitwaa. Akiwahi yule mbaya, asiyejua kuchapa, mimi nilizima kompyuta na kuiwasha, mara tatu, mara nne, huku nikiomba. Mama yule alikaa dakika kumi, akaandika anwani ya printa kwenye faili la kufungulia, linaloitoa mikononi mwa pilote, akaiandika tena kwenye faili la kufungia, linaloikabidhi kwa pilote mwingine, kisha akamfuta kabisa yule pilote mbaya. Haya yote mbele ya prefe, mkuu wetu wa shule. Prefe akacheka kwa furaha. Mimi hajawahi kunichekea vile.

Ikafika asubuhi ya proklamasyo, siku ambayo matokeo ya mwaka husomwa uwanjani, wazazi wamevaa nguo za kanisani, na kila mtoto hupewa bulletin yake, karatasi ya alama. Za darasa la mwisho zilikuwa hazijachapwa. Mama alitoka kwenda kuleta karatasi, mlango akauacha wazi, nami nikaingia. Nilikuwa nimemchungulia vizuri siku ile. Nikaandika anwani ya printa kwenye faili la kufungulia, nikafunga dirisha, basi. Taa ya printa ilibaki inawaka, lakini hakuna pilote aliyeishika tena. Nikaenda moja kwa moja kwa prefe kumwambia kwamba printa imekufa, na kwamba mama akishindwa nitajaribu mimi. Nilitaka ufunguo urudi mfukoni mwangu wazazi wakiona.

Tukiwa njiani kurudi chumbani umeme ukakatika. Ukarudi wakati prefe akiwa bado anasalimiana na wazazi uwanjani; Kamina hakuna anayegeuza shingo kwa jambo hilo. Tulipoingia, mama alikuwa amerudi na karatasi, kompyuta ilikuwa imewaka upya, na bulletin zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine, zina joto bado.

Prefe akanigeukia, akaniuliza vipi nilisema imekufa. Mama akanijibia: alisema kwamba ni kweli, printa ilikuwa imegoma, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuona. Prefe akaridhika, akachukua bulletin zilizokuwa tayari, akatoka.

Tulipobaki wawili, mama alinionyesha kwenye skrini orodha ya amri zilizoandikwa asubuhi ile. Ya mwisho ilikuwa yangu.

“Papa,” alisema polepole, “courant ikikatika, kiini inasahabu yote yenye uliandika. Ikiamuka, inafunga kila kintu upya. Kama ulitaka printa ifwe kabisa, ulipashwa kufuta na pilote yake.”

Hakuwa na hasira. Alinieleza kama anavyowaeleza watoto darasani, kisha akaweka karatasi nyingine kwenye printa. Nilipaswa kuona haya, na haya niliiona baadaye, nyumbani. Pale pale nilichoona ni wivu: hata ubaya wangu, yeye angeufanya vizuri kuliko mimi.