Diski Iliyotangulia Kufa

Mwanangu, umeniuliza kwa nini nilikushika mkono jana ulipotaka kubonyeza "ndiyo" kwenye ile kompyuta kabla hujamaliza kusoma maandishi. Kaa basi nikuambie. Nakumbuka asubuhi moja kule Mkuu, Rombo, nilipokuwa binti wa rika lako, na mkono ulioshikwa ulikuwa wangu.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha ufundi, nikidhani mji mzima wa Moshi ulikuwa unanisubiri mimi. Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, kompyuta zilizotumika zinaingia kwa makontena, na kila ofisi inataka yake hata kama hakuna anayejua kuiwasha. Niliajiriwa kwenye duka la Mzee Jaswant, Kalasinga aliyezaliwa hapahapa Moshi, mtu mpole aliyesalimia wateja wake kwa Kichagga na kuwatania kwa Kiswahili. Kila siku nilitoka nyumbani Rau kwa miguu, nikifika dukani namkuta ameshawasha mashine ya kwanza.

Siku hiyo tuliitwa na Padri Deogratias. Parokia yake kule Mkuu ilikuwa na chumba cha kurekodi, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakizunguka vihambani, kwenye makazi ya watu ndani ya migomba, kurekodi sauti za wazee: nyimbo za kupanda ulezi, nyimbo za kumpokea bi harusi, hadithi za zamani. Zote ziliwekwa kwenye kompyuta moja kubwa, na sasa kompyuta hiyo ilikuwa imegoma. Wengi wa wazee wale walikuwa wameshazikwa. Sauti hizo hazikuwa na nakala popote pengine.

Tulipanda na pikapu ya Mzee Jaswant, mvua ya manyunyu ikitupiga njia nzima. Padri alitupokea mlangoni. "Tumsifu Yesu Kristo," nikamwambia. "Milele amina, binti yangu. Karibuni, lakini nadhani mmekuja msibani."

Ndani ya chumba kulinukia rangi mpya. Kando ya mashine alisimama Teofili, kijana aliyekuwa msimamizi wa kurekodi, mikono imefungwa kifuani. Na kwenye benchi karibu na dirisha aliketi Bibi Makrina, kitenge kipya begani, kapu la ndizi mbivu miguuni. Alikuwa ameshuka kutoka kihambani kwake kuja kumsikiliza dada yake akiimba, maana tangu dada huyo afariki alikuwa na desturi ya kuja pale kila mara akimkumbuka. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Sasa nikueleze kidogo, ujue tulichokuwa tunashughulika nacho. Mashine ile ilikuwa na diski tatu zilizounganishwa kwa mpango wanaouita RAID. Zinafanya kazi kama kitu kimoja. Kila diski inabeba sehemu ya habari, na pia inabeba hesabu inayosaidia kurudisha kilichokuwa kwenye mwenzake. Ikifa moja, mbili zilizobaki zinaendelea na kazi, na ukiweka mpya zinaijaza tena. Zikifa mbili, ndiyo basi.

Nikawasha. Taa ya diski ya juu ilikuwa kijani. Ya kati na ya chini, njano. Kwenye skrini yakatokea maneno kwamba diski mbili zimekufa, na swali: je, nataka kuunda mpango mpya? Nilijua mpango mpya maana yake ni kufuta kila kitu. Lakini kichwani nilikuwa nimeshahesabu: mbili zimekufa, hakuna la kuokoa, afadhali niwaachie mashine inayofanya kazi kuliko jeneza. Hata Padri alikuwa ameshakubali. "Kama zimekwenda, zimekwenda," alisema kwa sauti ya chini ili bibi asisikie. "Tuanze upya na wale waliobaki."

Kidole changu kilikuwa juu ya kibodi Mzee Jaswant aliponishika mkono.

"Aneti, toa mkono hapo. Umemuuliza nani kilichotokea?"

"Mzee, skrini imeshasema."

"Skrini imesema hali ya leo. Mimi nataka ya jana na juzi."

Alizima mashine, akavuta kiti, akaketi. Akaniagiza nibandike alama kwenye kila diski na kila waya kabla sijagusa kitu kingine. Halafu akamgeukia Teofili. Mimi nilitegemea atamhoji kama polisi, maana yeye ndiye aliyekuwa akiitunza mashine, na hata mimi nilikuwa na hasira naye. Badala yake alimuuliza habari za kurekodi, jinsi wanavyozuia kelele za mabati mvua ikinyesha, vinasa sauti gani wanatumia. Yule kijana akaanza kulegea. Ndipo Mzee akamuuliza, kama anayeendelea na maongezi, "Na hii mashine, haikuwahi kuwasumbua kwa mlio?"

Teofili akatazama chini. "Ilikuwa inalia, mzee. Piii, piii, bila kukoma. Mlio ulikuwa unaingia kwenye nyimbo. Nikafungua, nikakata waya wa spika. Mashine iliendelea vizuri tu. Nikajua nimeitengeneza."

Padri akataka kusema kitu. Mzee Jaswant akainua kiganja kidogo tu, Padri akanyamaza.

"Umefanya vizuri kutuambia," akamwambia Teofili. "Siku ile ilipolia, taa ipi ilikuwa njano?"

"Ya chini. Ya chini peke yake. Nakumbuka kwa sababu niliifunika kwa utepe isinisumbue macho, mpaka utepe ulipobanduka tukihamisha mashine. Ya kati imekuwa njano juzi, tulipoirudisha mashine baada ya kupaka rangi."

Mwanangu, hapo ndipo nilipoona njia. Maneno hayo mashine isingeweza kuniambia. Diski ya chini ndiyo iliyotangulia kufa, na tangu hapo ilikuwa haiandiki kitu. Kuirudisha kazini kungechanganya mambo ya zamani na mapya, kuharibu yote. Lakini ya kati ilikuwa nzima mpaka siku ya kuhamishwa. Nikafungua ubavu wa mashine, nikapitisha vidole nyuma ya diski ya kati. Waya wake ulikuwa umelegea, umeshikilia upande mmoja tu.

Nikaubana. Nikaichomoa kabisa ile ya chini. Tukawasha, nikaiamuru mashine iipokee ya kati kama nzima, na safari hii nilisoma kila neno kabla ya kukubali, Mzee akisoma pamoja nami begani. Skrini ikakaa nyeusi kidogo, halafu majina ya wazee yakaanza kushuka, moja baada ya jingine.

Nilidhani sasa tutaweka diski mpya tuliyokuja nayo. Mzee akakataa. "Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya pembeni. Hizi mbili zimechoka. Usizipe kazi ya kumjenga mwenzao kabla hujaokoa zilichobeba." Tukanakili. Wakati tunasubiri, jikoni kwa Padri walituletea mtori wa moto, supu nzito ya ndizi na nyama, na Teofili akala na sisi, akicheka. Nakala ilipokamilika ndipo nikaweka diski mpya mahali pa ile iliyokufa, na mashine ikaanza kuijaza polepole.

Jioni Bibi Makrina akavalishwa vile vipokea sauti vya masikioni, vikubwa kuliko uso wake. Teofili mwenyewe ndiye aliyeutafuta wimbo. Bibi akafumba macho, akaanza kuitikia kwa Kichagga, sauti juu kuliko alivyojua, akimjibu dada yake mstari kwa mstari. Hakujua kamwe kilichokuwa kimetokea asubuhi ile, nasi hatukumwambia.

Basi nasaha yangu ni hii. Kifaa kikikulilia, usikinyamazishe, tafuta kinacholia. Diski zilizounganishwa zinakusaidia moja ikifa, lakini si badala ya nakala iliyowekwa nyumba nyingine. Weka alama kabla hujagusa, na soma kabla hujakubali. Zaidi ya hayo, mwenzio akikosea, usimtie hofu. Ukimfokea ataficha anachokijua, na huenda hicho ndicho pekee ulichokihitaji. Teofili angefokewa asubuhi ile, mimi ningefuta sauti za watu waliokwisha kulala makaburini, tena nikajisifu kwa kazi nzuri.

Nenda sasa ukaendelee na kazi yako, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe subira kuliko wepesi, na akuzungushie watu wasioogopa kukuambia ukweli.