Wimbo Ulionishinda Kuumaliza

Jumanne ya pili ya Machi, mwaka jana, mwalimu wangu wa banjo alifariki. Mke wake alinipigia nikiwa zamu, kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Nilifunga maboksi mpaka zamu ikaisha, nikapanda basi la kwenda Kipling, nikashuka kabla ya kituo changu, nikatembea, nikapanda jingine. Kukaa kulinishinda.

Mimi niliishia darasa la saba. Mwalimu alikuwa anakaa ghorofa ya chini yetu, jengo moja. Nilimsikia akipiga, nikaenda kubisha hodi. Alinifundisha bluegrass, muziki wa nyuzi wa milima ya Marekani, akiwa amenigeuzia mgongo ili nisikilize badala ya kutazama vidole. Baadaye tukapiga mikahawani, yeye mbele, mimi nyuma.

Mkewe aliniomba niwaongoze wanafunzi wake siku ya kumuaga. Wakiniridhia, darasa lake la kila Jumamosi liwe langu. Nililitaka mno darasa lile, hata nikajionea aibu. Mwili ulikuwa bado haujazikwa.

"Mama, usiwapigishe kama matanga," binti yangu alinitania. "Watazimia."

"Nyamaza, nipe koti."

Tulikaa duara ukumbini, watu saba, mimi na wanafunzi sita. Katika bluegrass kiongozi huinua mguu mmoja, wenzake wakajua mzunguko huo ndio wa mwisho. Kwetu nyumbani wimbo wa msiba haukatwi. Anayechoka humwachia mwenzake. Tukazunguka mara nne, mara nane. Wote wanatazama kiatu changu. Mguu ulikuwa mzito. Niliona kwamba nikiuinua, ndiyo basi, mwalimu amekwenda.

"Dada, mguu!" akafoka mpiga fidla, nesi Mkenya mstaafu anayeishi Richmond Hill. "Mkono wangu unakatika!"

Mjane akacheka huku analia. Nikauinua, nimechelewa, kila mtu akaishia pake.

Nesi alikuja kwangu akijikanda bega.

"Unajua kufundisha, au unajua kuchosha tu?"

"Kufundisha sijui bado. Na noti sisomi."

Akalaza fidla yake kwenye kasha.

"Haya. Jumamosi saa nne. Ila nakuja na mto wangu wa kukalia."

Wengine watano walikuwa mlangoni wanavaa makoti. Sikuthubutu kuwauliza kama nao wameniridhia.