Neno Ambalo Mwalimu Gedion Hakuliona

Saa mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya ngano nje ya mji wa Njoro, na Mwalimu Gedion Kipkorir anaandika neno moja ubaoni: aliwasihi.

"Litafuteni," anasema.

Wanafunzi arobaini na wanne wa Kidato cha Tatu wanainamia kamusi kumi na moja. Baada ya dakika mbili, Travis, kijana wa dawati la mbele, anainua mkono.

"Mwalimu, haiko."

"Umetafuta wapi?"

"Kwa A."

Hakuna anayemcheka. Gedion haruhusu kicheko katika kipindi hiki. Anashika chaki na kuliambua neno kipande kwa kipande: a, aliyetenda, li, wakati uliopita, wa, waliotendewa. Kinachobaki ni sihi.

"Hilo ndilo neno lenyewe. Nenda kwa S."

Kisha anafungua kamusi ya visawe na kuwasomea maneno yanayokaribiana nalo kimaana, likiwemo omba. "Ukitaka chumvi mezani, unasihi?"

"Hapana, unaomba," anajibu Chepkemoi kutoka nyuma.

"Kwa hivyo yanakaribiana, lakini si mamoja. Chagua kwa makini."

Ukimwona hivyo, huwezi kujua kwamba hadi miaka minne iliyopita yeye mwenyewe hakuyajua haya.

Gedion, 41, alisomea ualimu wa Historia na Dini. Shule hii ya kutwa ilipokosa mwalimu wa Kiswahili, alikabidhiwa vipindi ishirini na viwili kwa wiki. "Nilikubali. Niliona kitabu cha kiada kipo, nikasema nitajikaza," anasema. Kamusi ya ofisini aliifungua mara chache, na kila alipokosa neno alidhani kosa ni la aliyeliandika.

Ndipo akasahihisha insha ya msichana tutakayemwita Rumaisa, maana ameomba jina lake lisitajwe. Familia yake huuza vitambaa mjini Nakuru, lakini nyanya yake ni mzaliwa wa pwani. Rumaisa alikuwa ameandika juu ya mama aliyeletewa habari za msiba: uso wake ulisawijika.

Gedion alifungua kamusi kwenye K, akatafuta kusawijika. Hakuliona. Akalizungushia wino mwekundu, kisha akalisoma mbele ya darasa.

"Hili neno umelitoa wapi?"

"Nyanya husema hivyo, mwalimu."

"Nyanya yako si kamusi."

Darasa likaangua kicheko. Anapofika hapa Gedion anatazama dirishani.

"Na mimi nilicheka," anasema kwa sauti ya chini. "Hiyo ndiyo inaniuma. Nilicheka pamoja nao."

Tangu siku hiyo wenzake walimbandika Rumaisa jina la Kamusi. Hakuinua mkono tena. Insha zake zikawa fupi, za maneno mepesi yasiyoweza kukosolewa. Katika mtihani wa mwisho alipata C, katika somo alilokuwa akiongoza.

Mwaka uliofuata Gedion alihudhuria semina ya walimu mjini Nakuru. Waligawiwa kamusi na kupewa dakika moja kwa kila neno. Wengine walipomaliza, yeye alikuwa bado anapekua K. Jirani yake, Mwalimu Wangare, akamnong'oneza, "Toa hiyo ku, mwalimu. Tafuta mzizi."

"Nilingoja wote watoke kwenda chai, ndipo nikafungua S," anasimulia. Sawijika lilikuwepo: uso kubadilika rangi kwa huzuni au ugonjwa. "Mtoto alikuwa ameandika sawasawa kabisa." Chai hakunywa.

Ilimchukua miezi mitano kupata ujasiri wa kwenda dukani kwa kina Rumaisa. Msichana alimpa kiti, akamsikiliza huku akikunja vitambaa.

"Nilijua ni neno, mwalimu," alimwambia. "Nililiona kwa kamusi ya maktaba siku iyo hiyo. Lakini ningekuonyesha vipi, na wewe unacheka?"

 Gedion aliomba msamaha mara mbili, akaona ya pili imezidi.

Tangu hapo, kila Alhamisi hufundisha matumizi ya kamusi. Kisa hicho huwasimulia wanafunzi, ila kwa kukwepa. "Husema kuna mwalimu mmoja alifanya hivi. Wakiniuliza ni nani, nasema simjui vizuri."

Mwezi uliopita alimpigia Rumaisa simu kumwomba ruhusa ya kusema ukweli. Jibu lilikuwa fupi: "Sema jina lako. Langu liache."

Sasa anatumaini kwamba siku moja mwanafunzi atasimama na kamusi mkononi amwambie, mwalimu, hapa umekosea. "Na nisimtoe jasho," anaongeza. "Niseme asante, tuendelee."

Tukiagana langoni, anauliza makala haya yatatoka lini. Tunamwambia Jumamosi. Anatazama madarasa.

"Basi Ijumaa nitawaambia mwenyewe," anasema. "Wasianze kuyasoma kwenye gazeti lenu."