Siku Tulipofunika Dari ya Bibi

Harufu ya vumbi la chokaa lililolowa bado hunirudisha Bigwa, kwenye nyumba ya Bibi, mama yake mama, ambako dari ya sebule ilikuwa na vinundu vikali kama ganda la fenesi. Aliyeijenga aliona ni urembo. Sisi tulioishi chini yake tuliuokota urembo huo kwenye ubwabwa, kwenye chai, na mvua zikishuka kutoka Uluguru, hata kwenye kope. Bibi alikuwa na pumu. Kila dari ilipopukutika, kifua chake kilipiga filimbi, nami niliyelala naye kitanda kimoja nilibaki nikisikiliza pumzi zake kwa hofu. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba dari ile itamuua.

Baba, Mnyamwezi aliyeoa Uluguru na kukuta nyumba ni ya ukoo wa mke, alikuwa akitafuta siku nyingi jambo la kumwonyesha mama mkwe kwamba naye anafaa. Akapanda mezani na panga, akaanza kukwangua. Dakika tano zilitosha. Bibi alikohoa hadi jioni, na Baba akashuka mweupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, akimwomba radhi kila mtu, paka akiwemo. Kesho yake akaitwa Fundi Mkude. “Shemeji, dari nyingine za zamani zilichanganywa na asbesto, nyuzi zinazoua mapafu,” alisema akitazama juu. “Hii hatujui ina nini. Ukiikwangua kavu mnaivuta yote. Iache ilale, tuifunike.” Bodi mpya zingefungwa chini ya ile ya zamani, baada ya kuilowesha kwa bomba la kunyunyizia la shambani. Mafundi wangevaa barakoa nzito, vyombo vyote vingetoka, na Bibi asingekanyaga humo mpaka sebule ifutwe kwa matambara mabichi. Haraka haraka haina baraka, alimalizia, akimtazama Baba.

Basi alfajiri Bibi akapelekwa Mkuyuni kwa mama mdogo. Sisi tukatoa makochi yote, tukafunga turubai mbele ya nyumba tukihofia mvua, na Mama akajitanda khanga akaketi mkekani kulinda vyombo. Sebule tupu, turubai, mwanamke mkekani, na Bibi haonekani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria tunafanana na nini.

Jirani yetu Mama Zuhura alifika wa kwanza, mikono kichwani. “Jamani Bibi! Juzi tu kaniazima kinu!” Kabla Mama hajafungua kinywa, wanawake wengine walikuwa wameshaingia na kuni, sufuria na vilio. Baba akatoka ndani kueleza, macho mekundu kwa vumbi, sauti imezibwa na barakoa. Walipomwona hivyo wakazidisha kilio: mkwe gani huyu anayempenda mama mkwe kiasi hiki! Mzee mmoja wa Kiluguru, mtani wa Baba, akajilaza mlangoni kama watani wafanyavyo msibani. “Maiti haitoki hapa mpaka Mnyamwezi atoe jogoo!” Baba, kwa kuchanganyikiwa, akaenda kumkamata jogoo.

Habari mbaya haina breki. Saa nane mchana Bibi akashuka kwenye lori la ndizi, kilemba kimekaa upande. “Nimesikia Mkuyuni kwamba nimekufa,” alisema. “Nimekuja kuzika.” Mama Zuhura alikimbia akaacha kandambili. Mimi nilimkumbatia Bibi kiunoni nikalia kuliko waombolezaji wote, maana nilikuwa nimeanza kuwaamini. Yeye akaangalia kuni na sufuria, akaamuru wali ubandikwe na jogoo achinjwe. Alilala kwa Mama Zuhura siku mbili, kisha akarudi chini ya dari mpya, na kifua chake kikatulia.

Mwaka huu nimefunika dari ya aina ileile kwenye nyumba yangu Dar es Salaam, kwa masharti yaleyale ya Fundi Mkude. Makochi yamekaa nje siku tatu chini ya turubai. Jirani mmoja tu ndiye aliyeniandikia ujumbe, akiomba nisogeze kochi apitishe gari. Nikasogeza. Hewa humu ndani sasa ni safi kabisa, ila hata ningekuwa nimekufa kweli, yule bwana angepitisha gari.