Brikicho Katika Chai ya Kibugu

Ukungu ulishuka Kibugu tukiwa kwenye foleni ya kupimiwa majani chai, mpaka mashamba yote yakapotea. Mbele yangu shosho mmoja, bibi kizee, alitua kikapu, akageukia ukuta wa kituo, akafunika macho kwa viganja na kuita, "Brikicho?"

Watu wa foleni waligeuka kumtazama. Brikicho ni mchezo wa watoto wa kujificha: anayetafuta huita hivyo, nao waliojificha hujibu "Bado" mpaka wawe tayari.

"Shosho, unaita nani?" jirani yake akauliza.

"Mzee wangu. Tangu anioe, ukungu ukishuka tulikuwa tunacheza hapa kwa chai. Nikimpata ananibebea kikapu. Ile siku alianguka humo kwa chai akafa, alikuwa ameenda kujificha. Ilikuwa zamu yangu kumtafuta."

Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akamshika bega. "Mama, wacha. Watu wanakuona."

"Wacha waone. Nikiacha kucheza, nitabaki na nini kwa hiyo nyumba?"

Akaita tena. Kutoka ndani ya chai, sauti nzito ya mwanamume ikajibu polepole, "Bado."

Karani wa mizani aliganda na gunia mkononi. Tukaangaliana. Wanaume wote tulikuwa hapo kwenye foleni. Aliyecheka ni shosho peke yake.

Msiniulize aliyejibu alikuwa nani. Mimi nilipeleka majani tu. Nilichoona ni mwanawe akiondoa mkono begani, akasimama kando ya mama yake akiangalia ukuta, naye akafunika macho.